Kijana amechanganyikiwa na anavuta bangi: familia ianzie wapi?

Msamvu ni njia panda. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Dodoma au Iringa anapita hapa, na kijana anayeshuka kutoka Kinole, Matombo au Mgeta kutafuta maisha mara nyingi huanzia hapa hapa: kubeba mizigo stendi, kupiga debe, kuendesha bodaboda, kuuza ndizi na matunda. Wengi wanapata riziki na kutuma hela nyumbani. Wachache wanarudi mlimani wakiwa wamebadilika. Hawalali, wanaongea peke yao, wanasema kuna watu wanawafuatilia. Na mara nyingi nyumbani inajulikana pia kwamba kijana anavuta bangi, anakunywa gongo au anatafuna mirungi.

Hapo ukoo hugawanyika. Baba anasema ni bangi, amejitakia mwenyewe. Shangazi anasema amerogwa na mtu mwenye kijicho. Mama anasema ni mawazo tu, atapoa. Ubishi unaendelea, wiki zinageuka miezi, na kijana anazidi kuharibikiwa.

Ndugu msikilizaji, makala hii tumewaandikia ninyi mnaoishi naye nyumba moja. Haichukui nafasi ya daktari. Inaeleza tatizo ni nini, muanzie wapi, mseme naye vipi, na mjitunze vipi ninyi wenyewe ili safari hii msiishie njiani.

SAIKOSISI NI NINI?

Madaktari wanatumia neno saikosisi kwa hali ambayo mtu anapoteza uwezo wa kutofautisha kilichopo na kisichopo. Mitaani tunasema amechanganyikiwa, amerukwa na akili, au kichaa. Neno hilo la mwisho tunaomba tuliache, kwa sababu linamfanya mgonjwa na nduguze waone aibu na kujificha, na ugonjwa unaofichwa haupati dawa.

Mwenye saikosisi anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Anaweza kuamini jambo lisilo la kweli kwa nguvu kiasi kwamba hakuna ushahidi unaomtoa hapo: kwamba jirani amemwekea sumu, kwamba redio inamtaja yeye, kwamba ametumwa kazi maalumu na Mungu. Maneno yake yanaweza kukatikakatika, akarukia jambo hili na lile, msielewe anachosema.

Saikosisi ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Homa inaweza kuletwa na malaria, taifodi au kidonda, na saikosisi nayo ina vyanzo vingi. Inaweza kuwa mwanzo wa skizofrenia, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria unawapata mamilioni ya watu duniani. Inaweza kuwa ugonjwa wa baipola, ambao mtu anapanda juu kwa furaha na nguvu zisizo za kawaida kisha anashuka kwenye huzuni nzito. Inaweza kuletwa na kilevi, au kumpata mama aliyejifungua karibuni. Na inaweza kuletwa na ugonjwa wa mwili, kama malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, maambukizi ya VVU, au jeraha la kichwa baada ya ajali ya bodaboda.

Ndiyo maana hospitali ni hatua ya kwanza hata kama familia ina uhakika na chanzo. Malaria ya kichwa inaua ndani ya siku chache. Haingoji mkutano wa ukoo.

Mara nyingi skizofrenia huanza kati ya miaka ya mwisho ya utoto na miaka ya ishirini na kitu, na kwa wavulana huanza mapema zaidi kuliko wasichana. Huo ndio umri wa kumaliza shule, kutoka nyumbani na kuonja vilevi kwa mara ya kwanza. Mambo haya yanakutana wakati mmoja, na ndiyo sababu ni vigumu kusema kipi kilitangulia.

BANGI, POMBE NA MIRUNGI ZINAHUSIKAJE?

Si kila anayevuta bangi anachanganyikiwa, na si kila aliyechanganyikiwa alivuta bangi. Lakini uhusiano upo, na umechunguzwa katika nchi nyingi. Hatari inaongezeka kwa anayeanza akiwa na umri mdogo, anayevuta kila siku, anayevuta bangi kali, na ambaye kwenye ukoo wake kuna mtu mwenye ugonjwa wa akili. Kwa kijana wa namna hiyo, bangi ni kama kibiriti kwenye nyasi kavu.

Saikosisi iliyoletwa na kilevi mara nyingi hupungua ndani ya siku au wiki chache baada ya kuacha. Hapo familia hupumua na kusema yamekwisha. Tunaomba msiache kliniki. Utafiti mkubwa uliofanyika Denmark ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya watatu waliowahi kupata saikosisi ya kilevi baadaye aligundulika na skizofrenia au baipola. Kwa wale ambao kilevi chao kilikuwa bangi, ilikuwa karibu nusu. Kwa hiyo kupona mara ya kwanza ni nafasi ya kufuatilia kwa karibu.

Mirungi inaamsha na kuondoa usingizi, na mtu asiyelala siku mbili au tatu anaweza kuanza kuona na kusikia vitu hata kama hakuwa mgonjwa. Kwa aliye mgonjwa, mirungi huchochea ugonjwa urudi.

Pombe ina hatari yake ya pekee ambayo familia nyingi hazijui. Mtu aliyezoea kunywa gongo au kangara nyingi kila siku, akiachishwa ghafla, mwili wake unaweza kugoma. Anatetemeka, anatoka jasho, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Siku ya pili au ya tatu anaweza kuanza kuona wadudu au watu wasiokuwapo na kutojua yuko wapi. Hali hii inaweza kuua. Kwa hiyo kumfungia mlevi wa kila siku chumbani "ili pombe imtoke" ni kuhatarisha uhai wake. Huyo aachishwe akiwa chini ya uangalizi wa hospitali.

Kuna pia vijana wanaovuta kwa sababu ugonjwa umeshaanza. Sauti zinawasumbua, hawalali, wanaogopa, na msokoto au glasi inawapa nafuu ya muda mfupi. Kisha hali inakuwa mbaya zaidi. Ukimwona tu kama mhuni, hutaona kwamba alikuwa anatafuta dawa mahali pasipo na dawa.

DALILI ZA MWANZO

Ni mara chache ugonjwa huu kuanguka kama radi. Kabla ya siku ile kijana alipotoka nje usiku akipiga kelele, mara nyingi kulikuwa na miezi ya mabadiliko madogo. Yaangalieni haya:

- Amejitenga, hakai tena na wenzake, anakula peke yake.
- Usingizi umevurugika. Usiku anatembea, mchana amelala.
- Masomo au kazi imeshuka bila sababu inayoeleweka.
- Haogi, habadilishi nguo, ilhali zamani alikuwa mtanashati.
- Anashuku watu, chakula, simu, hata ndugu zake.
- Anacheka au kuzungumza peke yake, au anakaa kama anayesikiliza mtu.
- Anatumia kilevi zaidi kuliko zamani.

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Vijana wengi hubadilika wakiwa wanakua. Lakini zikiwa kadhaa, na zikiendelea kwa wiki kadhaa, msisubiri siku ya kelele. Kadiri matibabu yanavyoanza mapema, ndivyo nafasi ya kurudi kazini, shuleni na kwenye maisha ya kawaida inavyokuwa kubwa.

HATUA YA KWANZA: ZAHANATI, KISHA KLINIKI YA AKILI

Anzieni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mweleze mhudumu waziwazi kwamba ni mabadiliko ya akili, na muombe barua ya rufaa. Mkoa wetu una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Morogoro mjini. Kwa hali zinazohitaji huduma ya juu zaidi kuna Muhimbili jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iliyoko Dodoma, inayotoa huduma tangu miaka ya 1920. Lakini wengi hawahitaji kufika huko. Wanatibiwa hapa hapa mkoani na kulala nyumbani kwao.

Pengine wengi hawajui kwamba Morogoro ina historia katika jambo hili. Katika miaka ya 1980, Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa afya ya akili kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mikoa iliyochaguliwa kwa majaribio ilikuwa miwili: Kilimanjaro na Morogoro. Wazo lilikuwa kwamba huduma ya akili isibaki kwenye hospitali kubwa za mbali, ishuke hadi kwenye vituo vya afya na zahanati ambako watu wanaishi. Kwa hiyo ukimpeleka mwanao zahanati ya kijijini kwa tatizo la akili, hujakosea mlango.

Kabla ya kuondoka nyumbani, andikeni kwenye simu au kwenye daftari:

- Mabadiliko yalianza lini, na yalianzaje.
- Anatumia kilevi gani, kwa kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.
- Ameshapewa dawa gani, za hospitali au za kienyeji.
- Kama alikuwa na homa, degedege au ameumia kichwa.
- Kama kuna ndugu mwenye ugonjwa wa akili au kifafa.
- Kama amewahi kusema anataka kufa au kumdhuru mtu.

Msimfiche daktari habari ya bangi kwa kuogopa polisi. Mhudumu anaihitaji ili atibu. Na msimdanganye kijana kwamba mnakwenda harusini kisha mkamtelemsha hospitali. Anaweza kukubali leo, lakini kesho hatawaamini tena. Ni afadhali kuanzia na kile kinachomsumbua mwenyewe: "Hujalala wiki nzima, umechoka. Twende tukapate dawa ya usingizi." Hilo ni kweli, na mara nyingi analikubali.

Akikataa kabisa na hali ni mbaya, msimvamie kwa fimbo na kamba. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua kulazwa kwa hiari na kulazwa bila hiari pale inapolazimu, kwa taratibu zake. Ongeeni na mtendaji wa kijiji au kata na mhudumu wa afya ili wawasaidie kufuata njia ya sheria. Kama hela ya matibabu ni tatizo, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kabla hamjakata tamaa.

KUHUSU DAWA

Dawa zinazotumika sana ni kama haloperidoli, klopromazini, olanzapini na risperidoni. Kuna pia sindano inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa, ambayo wengi wanaiita sindano ya mwezi. Inamfaa anayesahau vidonge au asiyependa kuvimeza kila siku.

Mambo matatu ya kujua. La kwanza, usingizi unaweza kurudi ndani ya siku chache, lakini sauti na mawazo ya kushuku huchukua wiki kadhaa kupungua. Msiseme dawa haifanyi kazi siku ya tano. La pili, dawa zina maudhi. Anaweza kukakamaa shingo au taya, kutetemeka mikono, kutoka mate, kushindwa kutulia mahali pamoja, au kunenepa. Watu wakimwona hivyo husema dawa za hospitali zimemharibu, naye anaacha. Rudini kliniki. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa au kuongeza nyingine ya kutuliza maudhi hayo. Akikakamaa ghafla au kushindwa kumeza, mpelekeni siku hiyo hiyo.

La tatu ndilo linalorudisha wengi hospitalini: kuacha dawa baada ya kupata nafuu. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba aliyepata saikosisi kwa mara ya kwanza aendelee na dawa angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha, na aachishwe taratibu chini ya uangalizi. Kupona mwezi wa tatu ni kazi ya dawa, kama paa linavyozuia mvua. Mkilibomoa kwa sababu ndani ni pakavu, mtalowana.

Panga mtu mmoja nyumbani awe msimamizi wa dawa, na tarehe ya kliniki iwekwe kwenye simu za watu wawili. Kwa wanaoishi juu mlimani, kumbukeni masika: njia zinateleza na bodaboda hazipandi. Fuateni dawa kabla hazijaisha, si siku ya kidonge cha mwisho.

KUSEMA NAYE

Katika miaka ya 1950 na 1960 huko London, mtafiti George Brown na wenzake waligundua jambo lililowashangaza. Wagonjwa waliotoka hospitalini wakiwa na nafuu walikuwa wanarudiwa na ugonjwa zaidi kama wanaishi kwenye nyumba yenye lawama, kejeli na kufuatwafuatwa kila dakika. Tangu hapo tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha hivyo hivyo, na pia kwamba familia ikifundishwa kuhusu ugonjwa, mgonjwa hurudi hospitalini mara chache zaidi.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani kilijaribu njia hiyo. Mpango uliitwa Kuwezeshana Kupata Uzima, kwa kifupi KUPAA, na ulifanyika Muhimbili na Mbeya kwa jozi 66, kila jozi ikiwa na mgonjwa na ndugu yake. Ndugu hakuja kama msindikizaji wa kukaa kwenye benchi. Aliingia darasani pamoja na mgonjwa, wakajifunza ugonjwa na kutatua matatizo ya nyumbani wakiwa na familia nyingine.

Familia haikuleta ugonjwa. Hilo tulisisitize, kwa sababu akina mama wengi wanajilaumu. Lakini familia inaweza kuurahisishia au kuuzuia usirudi.

Akisema kuna watu wanataka kumuua, msibishane naye, wala msikubali ili yaishe, wala msicheke. Ukibishana anakuona uko upande wa adui. Ukikubali unaongeza hofu yake. Sema kwa upole: "Mimi siwaoni hao watu, lakini naona unaogopa sana. Nipo hapa. Tufanye nini ili utulie?" Unajibu hofu, huijibu hadithi.

Ongea kwa sentensi fupi. Azungumze mtu mmoja kwa wakati mmoja. Redio na muziki vipunguzwe sauti, nasi hatutakasirika. Mpe kazi ndogo anayoiweza, kama kuchota maji, kulisha kuku au kupalilia tuta moja, na umshukuru akimaliza. Uvivu unaouona unaweza kuwa sehemu ya ugonjwa. Nguvu hurudi polepole kuliko akili.

KUHUSU KILEVI CHENYEWE

Hakuna mtu aliyeacha bangi kwa sababu ya matusi. Lakini pia upole usio na mipaka unalisha kilevi. Njia iko katikati: mpende mtu, wekea mipaka tabia.

Kaeni naye akiwa ametulia, hajavuta wala hajanywa. Muulizeni anapata nini kwenye kilevi, na kinamgharimu nini. Msikilizeni bila kumkatiza. Pengine atasema mwenyewe kwamba akivuta sauti zinazidi. Hapo ndipo pa kuanzia. Kupunguza ni hatua. Akishindwa kuacha kwa siku moja, msione kazi yote imeharibika.

Kubalianeni sheria chache za nyumba ambazo mnaweza kuzisimamia: hakuna kuvuta ndani, hakuna kuuza vitu vya nyumbani, hakuna kumpiga mtu. Msimpe hela mkononi kama mnajua inakwenda wapi. Mnunulieni sabuni, nguo au vocha. Msimlipie madeni ya kijiweni kimyakimya. Na msimnyime dawa kwa sababu amelewa. Muulizeni mhudumu wa kliniki mapema afanyeje siku akinywa, maana baadhi ya dawa zikikutana na pombe huongeza usingizi mzito.

Wengi mnatuuliza kuhusu methadoni. Tiba hiyo ilianza Muhimbili mwezi Februari 2011 na imeenea katika mikoa kadhaa. Lakini methadoni ni kwa ajili ya waraibu wa heroini, yaani unga, na jamii ya dawa hizo. Haitibu uraibu wa bangi, mirungi wala pombe.

Mnauliza pia kuhusu nyumba za upataji nafuu, zile zinazoitwa soba hausi. Zimewasaidia wengi. Lakini kwa kijana mwenye saikosisi, kabla hamjalipa ulizeni mambo manne: Je, ina kibali? Je, ataendelea kupata dawa zake za akili? Je, kuna mtaalamu wa afya anayemwona? Je, mnaruhusiwa kumtembelea? Mahali panapomnyang'anya dawa zake, pampige au pamfunge minyororo, msimwache.

MGANGA, MAOMBI NA KAMBA

Hatuwazuii kumuombea mgonjwa, msikitini au kanisani. Wala hatuoni ajabu familia kwenda kwa mganga. Wagonjwa wengi nchini hupita huko kwanza. Imani inampa mtu tumaini na watu wa kumtembelea. Ombi letu ni moja: iende pamoja na dawa, isiwe badala yake. Kiongozi wa dini au mganga anayesema "acha vidonge kwanza" anawaingiza hatarini. Dawa ya kunywa isiyojulikana nayo inaweza kugongana na ya hospitali.

Kumfunga kamba, kumfungia ndani, kumnyima chakula na kumchapa havitoi ugonjwa. Vinaacha vidonda, vinaleta hofu, na siku akipata nafuu atakumbuka nani aliyemfunga. Tunajua familia nyingi hufanya hivyo kwa kuishiwa mbinu, kwa sababu anatoroka usiku au ametaka kuchoma nyumba. Kuishiwa mbinu ni ishara kwamba hospitali inahitajika leo.

HALI YA HATARI

Watu wengi wenye ugonjwa wa akili hawana vurugu. Mara nyingi zaidi wao ndio wanaopigwa na kudhulumiwa. Lakini ulevi ukichanganyika na saikosisi hatari inapanda. Panga mapema: nani ataitwa, watoto watakwenda nyumba gani, nani ana simu ya bodaboda. Panga na shoka visikae wazi. Akipandisha, msimzunguke watu kumi. Mwachieni nafasi na njia ya kutokea.

Hatari nyingine inasemwa kwa kunong'ona: kujiua. Iko juu hasa mwanzoni mwa ugonjwa, na hata pale anapopata nafuu na kuanza kuona alichopoteza. Kumuuliza "Je, umefikiria kujiua?" hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Kwa wakulima wa mboga na nyanya wa huku kwetu, jambo moja linaokoa maisha: dawa za kupulizia zifungiwe kwa kufuli, au ziwekwe kwa jirani. Zisikae chini ya kitanda.

NA NINYI MNAOMTUNZA

Mara nyingi mzigo wote unamwangukia mama, dada au bibi. Analala nusu usiku, shamba linalala, biashara inakufa, majirani wanampita. Naye anaweza kuugua.

Kwa Waluguru ukoo ni wa kwa mama, na neno la mjomba lina uzito. Basi utumieni utaratibu huo. Iteni kikao cha ukoo, ajenda isiwe nani amemroga wala nani amemlea vibaya. Ajenda iwe kazi: nani anampeleka kliniki mwezi huu, nani anachangia nauli, nani analala naye Jumamosi ili mama apumzike, nani anaongea na walimu au mwajiri. Andikeni majina. Kijana mwenyewe akiwa ametulia akae kikaoni, maana ni maisha yake yanayopangwa.

Kliniki, ulizieni kama kuna familia nyingine za jirani zenye tatizo kama lenu. Watu wawili watatu wanaokwenda tarehe moja wanaweza kuchangia usafiri, kukumbushana, na kucheka pamoja njiani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii naye anaweza kuwatembelea. Kama kijana anakupiga, una haki ya kulindwa. Kwenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto si kumsaliti mwanao.

Na wadogo zake msiwasahau. Waambieni kwa maneno rahisi: "Kaka anaumwa. Si kosa lenu. Ugonjwa huu hauambukizi."

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, atapona? Wengine hupata tukio moja na halirudi. Wengine ugonjwa huja na kuondoka, na wanaishi vizuri wakiwa na dawa. Wengine huhitaji msaada kwa muda mrefu. Siku ya kwanza hakuna anayeweza kujua atakuwa nani kati ya hao, lakini dawa, kuacha kilevi na nyumba tulivu vinaongeza nafasi yake.

Je, aoe ili atulie? Ndoa si dawa. Asubiri apate nafuu, na mwenzake aambiwe ukweli.

Je, arudi Msamvu kufanya kazi? Kazi inasaidia kupona. Lakini kijiwe kile kile, wenzake wale wale na mikesha ile ile vinaweza kumrudisha alikotoka. Aanze na kazi ya saa chache, mchana, karibu na mtu anayejua tarehe yake ya kliniki.

NAMBA ZA KUHIFADHI

- 199: kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bila malipo.
- 119: Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, bila malipo. Waulizeni kliniki ya waraibu au nyumba ya upataji nafuu iliyo karibu nanyi.
- 116: huduma ya simu kwa mtoto, kama anayeumwa hajafika miaka 18.
- 112: polisi, kwa dharura.

Ongezeni namba ya zahanati yenu na ya bodaboda mmoja anayekubali kutoka usiku. Ziandikeni mlangoni, mahali ambapo kila mtu wa nyumba hiyo anaziona, hata bibi asiye na simu.